Walifungwa mbili, ubingwa waliupataje?

SWALI: Habari mhariri, kijana wangu anasoma Columbus kule Marekani, ananiambia Ohio State ndo walikua mabingwa wa futiboli ya Kimarekani (sio soka) ya vyuo msimu wa 2024 na wakati walishafungwa mechi mbili. Inakuaje hapo?

JIBU: Salama ndugu. Kijana yuko sahihi kabisa. Msimu ule ndo mara ya kwanza mtoano uliingiza timu 12 badala ya 4, so kupoteza mechi mbili haikua mwisho wa safari. Oregon waliwafunga 32-31, alafu Michigan, watani wao wa jadi, wakaja kuwachapa 13-10 palepale Columbus, na hiyo iliuma sana jamani, mashabiki wengine walitaka kocha Ryan Day aondoke. Mtoanoni wakawapiga Tennessee, Oregon haohao wakala 41-21, kisha Texas.

Fainali ilikua Atlanta, Januari 20, 2025. Ohio State waliongoza 31-7, Notre Dame wakarudi mpaka 31-23, presha juu, ndo Will Howard, mrusha mpira wa Ohio State, akarusha mpira mrefu kwa Jeremiah Smith, dogo wa mwaka wa kwanza tu, akaudaka na kusogeza yadi 56. Ikaisha 34-23. Mi naona wamestahili kabisa.