Fundi Ajibu: Filta ya Hewa ya Kuosha na Kupaka Oili

SWALI: Salaam mafundi. Nina Fuso yenye injini ya 6D16. Nabeba kokoto kutoka Pongwe kuingia Tanga mjini, na msimu wa mahindi nafika mpaka Handeni. Muuza spea mmoja wa Ngamiani ananiambia niachane na filta za karatasi, nichukue ya pamba inayopakwa oili: nitaiosha maisha yote na gari litaongeza nguvu. Bei yake ni kama filta tano za kawaida. Ninunue? (Mwenye Fuso, Pongwe)

JIBU: Kwa kazi hiyo, ndugu yetu, usinunue.

Injini yako ina ujazo wa lita 7.5. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inavuta hewa inayokaribia lita 7,000 kila dakika, na hewa yote hiyo inapita kwenye filta moja. Karatasi nzuri iliyokaa sawasawa hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi. Pamba ina matundu makubwa zaidi. Kinachoisaidia ni oili inayonasa chembe zinapogusa nyuzi. Hewa inapita kwa wepesi, kweli, lakini na vumbi laini nalo linapita zaidi.

Vumbi hilo laini ndilo lenye balaa. Chembe za maikroni 5 hadi 20, ambazo huzioni kwa macho (unywele una kama maikroni 70), ndizo zinazojipenyeza kati ya ringi za pistoni na silinda na kusaga pande zote mbili. Watu wa Pongwe wanaogopa weupe wa vumbi la chokaa, kumbe chembe za chokaa si ngumu. Udongo wa barabara za Handeni wenye mchanga ndani yake ndio wa kuogopwa, maana chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda.

Kuhusu nguvu, muuzaji amekuuzia maneno. Nguvu ya dizeli inategemea pampu inamwaga mafuta kiasi gani. Filta yako ya karatasi ikiwa safi, hewa inatosha. Mtu anayeona tofauti siku ya kwanza mara nyingi alitoa filta iliyoziba, na hata karatasi mpya ingempa raha ileile.

Pesa hiyo nunua karatasi bora na uitunze. Kama kasha la filta lina kile kidude chenye kioo kinachogeuka chekundu, kifuate hicho. Kwa dizeli kubwa zenye turbo kikomo cha kawaida cha filta kubana hewa, kabla haijabadilishwa, ni mvuto wa inchi 25 za maji, yaani kama kilopaskali 6.2. Usifungue kasha kila jioni “kuangalia”, kwani kila ukifungua, vumbi la ukingoni linadondokea upande msafi. Ukilazimika kupuliza upepo, puliza kutoka ndani kwenda nje, usizidi baa 2, na ncha ya bomba isiguse karatasi. Kuigonga filta kwenye tairi ni kuipasua. Ile filta ndogo ya pili, inayokaa ndani ya kubwa, haipulizwi wala haioshwi. Inabadilishwa tu.

Filta ya oili inamfaa mwenye gari la lami, tuseme Tanga–Segera–Dar, aliye na filta mbili za kupokezana na mtu mmoja anayejua kuiosha.

SWALI: Sisi tayari tunayo ya pamba kwenye lori letu. Utingo ameiosha kwa petroli, akaianika juani, akapaka oili ya injini namba 40 mpaka ikalowa. Sasa gari linatoa moshi wa bluu. Tumeharibu? (Wenye lori, Muheza)

JIBU: Lizimeni kwanza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapo mshukiwa wa kwanza ni hiyo oili ya filta. Fungueni mpira unaotoka kwenye filta kwenda turbo, futeni oili iliyotuama ndani, na intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) nayo imwagwe. Moshi ukiendelea baada ya usafi huo, tafuteni sababu kwenye turbo au ringi.

Petroli huvimbisha mpira wa ukingo, nao ndio unaoziba kati ya filta na kasha. Ubonyezeni: ukiwa umelegea, umevimba au unanata, filta hiyo ni ya kutupa. Oili ya injini nayo haishiki. Ikipata joto inakuwa nyepesi, inateremka na kujaa chini, huku juu pamba ikibaki kavu. Oili maalumu ya filta imetengenezwa iwe na ulimbo, na huwa na rangi, nyekundu kwa kawaida, ili uone ilipofika.

Filta ikiwa bado nzima, ioshwe hivi. Kung’uteni vumbi taratibu kwa brashi laini. Nyunyizeni dawa ya kusafishia pande zote mbili, mwache kama dakika 10, kivulini ili isikauke ikiwa juu ya pamba. Kisha suuzeni kwa maji baridi ya bomba yenye mkandamizo mdogo, mkianzia upande msafi kwenda mchafu. Filta ya mviringo inayovuta hewa kutoka nje, maji yaingie tundu la kati yatokee nje. Mkifanya kinyume mnausukuma uchafu ndani ya nyuzi. Rudieni mpaka maji yatoke meupe. Pamba ikibaki na uwekunduwekundu si kitu. Mashine ya kuoshea magari, sabuni ya unga na jiki zikae mbali.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi huku pwani. Msipulize upepo, msiweke kwenye moto wala juu ya injini. Itundikeni kivulini penye hewa. Wakati wa kaskazi siku moja inatosha. Masika, kwa unyevu wa bahari, hesabuni hata siku mbili. Pamba yenye maji ndani haipokei oili, na hapo ndipo mabaka meupe yanapotoka. Lori lisiendeshwe bila filta kwa kisingizio kwamba “bado inakauka”. Ndiyo maana tumesema muwe na mbili.

Ikikauka, pitisheni mstari mmoja wa oili maalumu juu ya kila mkunjo, mara moja tu. Subirini dakika 20, ishikeni ielekee kwenye mwanga, na mguse pale palipobaki peupe. Mkiisimamisha juu ya kitambaa safi usiku kucha na asubuhi mkakuta kidimbwi chini yake, mmezidisha.

Wakati wa kuirudisha, futeni kiti chake ndani ya kasha na mpake grisi kidogo sana kwenye ukingo. Baada ya siku chache fungueni mpira wa upande msafi, mpitishe leso nyeupe ndani, kisha msugue leso hiyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mkisikia chengachenga, hewa inapita pembeni, na hakuna oili itakayowaokoa.

SWALI: Hilux yangu ya dizeli imekosa nguvu na taa ya injini inawaka tangu nipake oili filta. (Dereva, Chumbageni)

JIBU: Oili imezidi na imefika kwenye sensa ya kupima hewa. Kile kisensa kikipakwa mafuta kinasoma hewa pungufu, kompyuta nayo inabana dizeli. Kitoe, kipulizie dawa yake maalumu ya sensa bila kukigusa kwa kidole wala kitambaa, kikauke, urudishe. Kisha punguza oili ya filta, la sivyo utakuwa unaosha sensa kila wiki.

SWALI: Trekta la shambani lina filta ya bakuli la oili. Nijaze kiasi gani? (Mkulima, Korogwe)

JIBU: Mpaka alama iliyo ndani ya bakuli, trekta likiwa limesimama sawa, kwa oili ya namba ileile ya injini. Tope likifika unene wa sentimita 1 chini, mwaga, osha bakuli na wavu kwa mafuta ya taa, kausha, weka mpya. Msimu wa vumbi angalia kila siku. Usizidishe alama: injini ya dizeli ikivuta oili hiyo inaweza kupaa yenyewe, yaani kuzunguka kasi bila kudhibitika, na hata ukizima mafuta haisimami. Ikitokea, ziba mdomo wa hewa kwa kipande cha ubao imara. Usiweke kiganja.