Viazi vina matobo: kabla hujapiga dawa tena, kata kiazi uangalie ndani

Mbukwenyi wakuu. Nimeona swali la ndugu yetu wa Kongwa, kwamba viazi mviringo vyake vya kumwagilia vina matobo, majani yana mabaka kama yameungua na moto, muuza duka la pembejeo kamwambia ni kanitangaze (yule kiwavi anayemaliza nyanya) na kashapiga dawa mara tatu hakuna kilichobadilika, na debe tatu kazitenga za mbegu. Nijibu kwa kirefu maana hilo lilishanipata mwenyewe kule milimani Mpwapwa, na liliniondolea gunia 14.

Mkuu, kwa maelezo yako mimi huyo namwona ni nondo wa viazi, yule kipepeo mdogo wa usiku ambaye viwavi wake wanatoboa viazi, sio kanitangaze. Wanachanganywa kila siku kwa sababu ni ukoo mmoja, wote asili yao Amerika ya Kusini, wote wanaingia ndani ya jani wanakula nyama ya katikati wanaacha ngozi mbili kama karatasi ya nailoni. Tangu kanitangaze aingie nchini 2014 hivi na kumaliza nyanya za watu, kila baka kwenye jani limekuwa lake. Lakini yeye chakula chake kikuu ni nyanya, kwenye viazi anahangaika zaidi na majani. Anayeshuka mpaka kwenye kiazi chenyewe ni nondo wa viazi, na hapa kwetu kanda ya kati kwenye ukavu na joto ndo anapenda.

Fanya hivi leo. Chukua kiazi kimoja chenye tobo, kioshe taratibu, tafuta jicho lenye kirundo kidogo cha unga mweusi kama makapi ya kahawa, kimeshikwa na utando mwembamba kama wa buibui. Hicho ni kinyesi chake. Ingiza ncha ya kisu hapohapo ufuate njia, utaona kihandaki chembamba kinapita chini tu ya ganda, kinapinda pinda, kingine kinazama ndani, na mwisho wake kuna kiwavi mweupe kama maziwa, mwingine ana uwaridi kidogo mgongoni, kichwa cha kahawia, urefu sentimita moja hivi. Ukimkuta huyo basi umemaliza ubishi.

Kama tobo ni pana na la juujuu, kama mtu kachimba na kijiko, hakuna utando, hapo fikiria funza weupe wale wanene wanaojikunja kwenye udongo wenye samadi mbichi. Kama kiazi kimetobolewa kikajazwa udongo ndani, huyo mchwa, na anakuja sana ukichelewa kuvuna udongo ukiwa mkavu. Na kama kimeliwa nusu nzima, huyo sio mdudu, ni fuko.

Sasa kwa nini dawa yako haikufanya kazi? Kiwavi aliyeko ndani ya jani kajifunika, na aliyeko kwenye kiazi yuko chini ya udongo, pampu yako haimfikii kabisa, na ukirudia dawa ileile mara tatu unawazoesha tu. Angalia tuta lako. Huko Kongwa kuna sehemu udongo ukikauka unapasuka mpaka kidole kinaingia, na ule ufa ndo mlango wake, anashuka nao mpaka kwenye kiazi. Kwahiyo dawa ya kwanza ni jembe: pandishia udongo viazi vifunikwe vizuri, rudia tena vikianza kuchungulia, na usiache tuta likauke hadi lipasuke hasa wiki za mwisho ambapo wengi tunakata maji ili kuokoa dizeli.

Kilichoniumiza mimi ni mavuno. Tulivuna Septemba jua kali, gari likachelewa siku mbili, tukarundika viazi shambani tukavifunika na majani yake tuliyofyeka ili visigeuke kijani. Ndo kosa lenyewe lilipo. Majani yakinyauka viwavi waliomo wanahama kutafuta kibichi, na kibichi kiko chini yao palepale, halafu jioni nondo wanakuja wanataga kwenye vilivyo wazi. Tulivifikisha nyumbani vinaonekana safi kabisa. Wiki ya tatu mama watoto akaniita stoo, gunia za chini zinatoa maji, harufu imejaa, na ukutani vinondo vya kijivu vimetulia kama vumbi, ukigusa gunia vinaruka. Kwenye joto la huku anatoka yai mpaka nondo kwa kama mwezi tu, kwahiyo stoo inageuka shamba lake la pili. Tangu hapo kinachovunwa leo kinaondoka shambani leo kabla jua halijazama, gari lisipokuwepo sichimbi. Majani nayabeba mbali. Stoo nachagua kiazi kimoja kimoja, chenye tobo hakiingii, na mbegu natandikia majani makavu ya mkaratusi, yanasaidia kumfukuza.

Wadudu wengine kwa haraka. Ukiamka ukakuta mche mchanga umekatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe, huyo sota, kiwavi anayekata miche usiku, fukua asubuhi hiyohiyo pembeni ya shina utamkuta kajikunja mduara, muue kwa mkono. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, geuza jani uangalie chini, jani linanata, sisimizi wanapanda na kushuka. Hawa watu wanawadharau kwa vile hawatoboi kitu, lakini wanaambukiza virusi, majani yanajikunja kwenda juu yanakuwa magumu, na virusi vinaingia kwenye mbegu, ndo maana ukirudia mbegu yako misimu mingi viazi vinakuwa kama golori. Bora ununue mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, hata kidogo uizalishe mwenyewe.

Mmea ukinyauka ghafla mchana majani bado kijani, usikimbilie kumsingizia mdudu. Kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya wadudu inayougusa.

Halafu kuna mtu hapo juu kaweka picha ya mdudu mwenye mistari ya njano na nyeusi mgongoni. Huyo ni wa Marekani na Ulaya, huku kwetu hayupo, tusimpotezee mwenzetu muda.

Ukilazimika dawa, iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, piga jioni nondo wanapoanza kuruka, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, hivyo viazi vinaenda kwenye chipsi za watoto wetu Majengo.

Na zile debe tatu ulizosema umetenga za mbegu, zimwage chini leo uzichambue jicho kwa jicho. Zenye ule unga mweusi chemsha uwape nguruwe, usizitupe pembeni ya shamba. Kisha weka hapa picha ya kiazi ulichokikata na picha ya tuta lako, tuangalie pamoja.