Jibu: Laptopu inadai ufunguo wa tarakimu 48 baada ya kubadilishwa betri ya BIOS (programu ya kuwashia mashine)

Mkuu, kabla ya yote, huyo fundi wako wa Mwanga asikupigie Windows upya. Faili zako bado zimo kwenye diski, ila zimefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Akifomati, ndiyo kwaheri.

Umesema skrini ya bluu inayodai hizo namba ilianza alipobadilisha kile kibetri kidogo cha duara. Hapo ndipo penyewe. Kikitolewa, mipangilio ya BIOS huweza kurudi ya kiwandani: Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha) inazimika, au TPM, ile chipu inayotunza funguo. Chipu ikiona mashine si ile iliyoizoea, inagoma kutoa ufunguo. Ingia BIOS, mashine nyingi ni F2 au F10, rudisha hivyo viwili vilivyokuwa, hifadhi, washa tena. Usiguse palipoandikwa Clear TPM, panafuta hizo funguo!

Ikigoma bado, chukua simu uingie account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa barua pepe uliyoanzia laptopu siku ya kwanza. Zile tarakimu 48 huwa ziko huko. Linganisha herufi 8 za mwanzo za Key ID (kitambulisho cha ufunguo) na zile za kwenye skrini yako. Wengi huingia kwa akaunti siyo, kwa hiyo jaribu zako zote, na kama uliinunua mkononi muulize aliyekuuzia. Ya ofisini? Waone watu wa IT.

Zisipopatikana popote, hakuna programu ya kuzibuni, hata fundi wa Dar akikuapia. Ikifunguka, nakili faili zako kwenye diski ya nje leo leo, maana umeme wetu wa Kigoma unaujua mwenyewe.