Ukitaka njia ya baiskeli, usingoje kikao cha Aprili

Trei mbili za mayai zilinifunza mambo ya bajeti ya kaunti. Nilikuwa nazipeleka kwa mteja mjini Kisumu, nimezifunga kwenye keria ya baiskeli yangu ya Black Mamba, natokea Manyatta. Kufika Kondele, foleni imeshikana: matatu zinapakia katikati ya barabara, tuktuk zinapenya kwa mabega. Nikaingia kijia cha pembeni. Mbele pana tawi la mwarobaini limesimamishwa, nikalikwepa upande usiofaa, gurudumu likazama mtaroni.

“Pole, baba,” akasema mama wa viazi. “Kifuniko kiliibwa kabla ya masika. Hilo tawi ni mimi nililiweka.”

Nikaenda ofisi moja, nikaambiwa barabara hiyo si yao. Hapo nilikosea mimi: ulizia kwanza barabara ni ya nani. Zile kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu nchini Kenya, nyingi za mitaani ni za kaunti. Barua ikienda mlango usio wake itazunguka hadi uchoke.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilihudhuria kikao cha maoni ya wananchi mwezi wa nne, nikaomba njia ya baiskeli kwa uchungu, nikapigiwa makofi, basi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka, ule unaoizaa bajeti hiyo, hupelekwa kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Aprili chakula kimeshaiva. Wewe unakuja na chumvi. Peleka ombi lako Julai.

Na usiende mikono mitupu. Nilikaa asubuhi tatu kwenye kibanda cha mama wa viazi na daftari la mwanangu, nikichora mstari kwa kila baiskeli. Jumanne ukurasa uliisha, nikageuza wa pili. Kumbe wengi wetu si wapita njia tu: maziwa, makaa, samaki, mtoto wa shule mbele na mwingine nyuma.

Wa maziwa ndiye aliyenizuia nisiombe upuuzi. Nilitaka vigingi vya kuzuia magari kuegesha kwenye njia yetu, vikaribiane. Akaniambia, “Kaka, pima mitungi, si usukani.” Tukapima. Mitungi yake ya pembeni ilikuwa mipana kuliko usukani. Vigingi vyangu vingemfungia nje yeye kabla ya gari lolote.

Wachuuzi sikuomba waondolewe. Wako pale kwa sababu watu wanapita pale, na ukiwafukuza Jumatatu, Alhamisi wamerudi. Niliomba watengewe nafasi upande wa ukuta. Hata wa boda siwachukii. Kazi yao ilianza na baiskeli kule mpakani Busia, kwa hiyo ni wajukuu zetu, ingawa wajukuu wakaidi.

Kifuniko kiliwekwa, cha zege. Omba cha zege, ndugu yangu, chuma chakavu kina wanunuzi. Vigingi bado. Barua ya pili nimeipeleka Julai hii, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na vipimo vya mitungi ya maziwa vimebanwa nyuma yake.