Mdachi wa bibi ni nani?

SWALI: Mzee wa safu, shikamoo. Bibi yangu huku Tanga akisimulia ya zamani husema "enzi za Mdachi". Juzi tunaangalia mpira jamaa mmoja kanambia Dutch ni Mholanzi, kwa hiyo Mdachi ni Mholanzi. Yaani tulitawaliwa na Waholanzi na shule hawakutuambia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mjukuu. Bibi yuko sawa na huyo jamaa naye hajapotea sana, ndo utamu wenyewe. Mdachi wa bibi ni Mjerumani, yule yule aliyemnyonga Abushiri pale Pangani 1889. Hemedi bin Abdallah alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima alikuwa anawasema hao hao, Mholanzi hayumo.

Kizungumkuti kimeanzia Ulaya kwenyewe. Zama za kati kulikuwa na neno diutisc, maana yake "ya watu", yaani lugha ya watu wa kawaida siyo Kilatini cha makasisi. Wajerumani wamebaki nalo, mpaka leo wanajiita Deutsch. Waingereza nao walikuwa wanawaita wote Dutch bila kuchagua, ila Waholanzi ndo walikuwa pua na mdomo nao, wanauziana, wanapigana baharini, halafu 1648 Uholanzi ikatambuliwa rasmi kuwa nchi huru, basi jina likawaganda hao peke yao. Wenyewe wanajiita Nederlanders, watu wa nchi ya chini, na si utani, karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari. Ila wimbo wao wa taifa bado unamtaja Willem, kiongozi wao wa zamani, kuwa wa damu ya "Duitsen", neno lile lile la diutisc, hapo usiwaulize sana.

Hata hili letu la Mholanzi lina walakini. Holland, zamani Holtland, nchi ya miti, ni majimbo mawili tu kati ya 12, sasa kumwita mtu wa Limburg, jimbo jingine kabisa, Mholanzi ni kama mgeni aite Watanzania wote Wazaramo. Tangu 2020 serikali yao imeacha kuitangaza nchi kwa jina la Holland.

Ukitaka neno la bibi lenye Uholanzi ndani yake, muulize habari za Kaburu. Hilo limetokana na boer, Kiholanzi cha mkulima.