Pilipili mbuzi: maji mengi hayaongezi mavuno

Pole ndugu yangu. Unasema una robo eka Kigamboni, unamwagilia asubuhi na jioni, majani yanastawi lakini maua yanapukutika. Mimi nililima Bunju na kosa hilohilo lilinila msimu mzima.

Usifuate saa, fuata udongo. Chimba kina cha kidole karibu na shina, uminye. Ukishikamana bila kutoa maji, acha. Ukimwagika kama sukari, mwagilia. Mchanga unataka maji kidogo mara kwa mara. Ukiumwagia mengi kwa mpigo yanazama na mbolea yako. Wakati wa jua kali na mimea imejaa, anza na lita 5 kwa mita moja ya mraba kwa siku, yaani ndoo ya lita 10 kwa mita 2 za mraba, kisha rekebisha. Maua yakitoka, usiruke siku ukaja kufidia kesho. Hapo ndipo yanapodondoka. (Kuna wanaoinyima pilipili maji ili iwe kali. Ukali huweza kuongezeka, ila gunia halijai.)

Maji ni ya kisima? Yaonje. Yakiwa na chumvi, au kingo za majani zikiungua, yapeleke maabara kabla ya kununua mipira ya kumwagilia kwa matone.

Mche ukinyauka na udongo umelowa, usiongeze maji. Kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni mnyauko wa bakteria: ng'oa, choma, na umwite bwana shamba siku hiyohiyo.