Alama ya sawasawa ni mizani

Nikiwa kidato cha kwanza niliandika hivi kwenye daftari, na mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu:

3x + 1,500 = 10,500 − 1,500 = 9,000 ÷ 3 = 3,000

Swali lilihusu kilo tatu za sukari na kipande cha sabuni cha 1,500, jumla shilingi 10,500. Kilo moja, yaani x, ni bei gani? Jibu langu lilikuwa sahihi, nikanuna siku nzima. Lakini usome mstari ule taratibu: unadai kwamba 9,000 ni sawa na 3,000. Nani atakubali chenji ya namna hiyo?

Miaka saba ya shule ya msingi nilikuwa nimeona 7 + 5 = kisha pengo. Kwangu alama ya sawasawa ilimaanisha "haya, jaza jibu". Na kwa kuwa Hisabati tuliyoizoea kwa Kiswahili ilikuwa imegeuka ghafla kuwa ya Kiingereza, nilijua kabisa kinachonishinda ni Kiingereza. Kumbe wapi.

Aliyenifungua macho ni baba mdogo, wala hakuwa anafundisha. Dukani kwake kulikuwa na mizani ya vitanga viwili, mawe huku, sukari kule. Ukitoa jiwe la nusu kilo kitanga hiki bila kupunguza nusu kilo ya sukari kitanga kile, mkono unalala upande. Mlinganyo ni hivyo hivyo. Kila mstari ni mizani iliyotulia, na mstari unaofuata ni mizani ileile baada ya kufanya kitu kilekile pande zote mbili:

3x + 1,500 = 10,500
3x = 9,000 (tumetoa 1,500 kila upande)
x = 3,000 (tumegawanya kwa 3 kila upande)

Mstari mmoja, alama moja ya sawasawa. Ziandike alama hizo zikiwa zimepangana wima, moja chini ya nyingine. Utaona kosa kabla ya mwalimu.

Sipendi ule wimbo wa "ikivuka inabadilika alama", yaani namba ikihamia upande wa pili wa sawasawa, kujumlisha kunageuka kutoa na kutoa kunageuka kujumlisha. Unafanya kazi kwenye kujumlisha na kutoa, kisha mtoto anakutana na 3x = 9,000, anavusha ile 3 na kuandika x = 9,000 − 3. Amefuata wimbo vizuri tu. Ile 3 inazidisha, kwa hiyo dawa yake ni kugawanya.

x ikiwa pande zote mbili, punguza iliyo ndogo kwanza. Katika 5x − 7 = 2x + 8, nikitoa 2x kila upande napata 3x − 7 = 8; nikiongeza 7, 3x = 15; x ni 5. Rudisha 5 mahali pa x: kushoto 18, kulia 18. Kurudisha huko hakuchukui hata nusu dakika, na kwenye mtihani ndiyo njia ya uhakika ya kujua umepata kabla ya matokeo.

Sehemu zinatisha bure. Kwa x/2 + x/3 = 10, tafuta KDS (namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili) ya 2 na 3, ambayo ni 6, zidisha kila kitu: 3x + 2x = 60, x = 12. Nimesema kila kitu. Wengi wanaisahau ile 10 iliyokaa peke yake kulia, wanapata 2, halafu 2/2 + 2/3 haifiki hata mbili.

Mabano yenye alama ya kutoa mbele yake ndiyo yamenitesa kuliko yote, na bado hatujapatana. Juzi mpwa wangu aliniletea 10 − 2(x − 3) = 4. Nikaandika kwa haraka ya mtu mzima: 10 − 2x − 6 = 4, nikapata x = 0, nikampa daftari lake. Alikaa kidogo, akanirudia.

"Mjomba, kushoto ni 16. Kulia ni 4."

Nikaliangalia. Hasi 2 mara hasi 3 ni chanya 6, siyo hasi. 16 − 2x = 4, x ni 6. Akachukua kalamu yake nyekundu, akakata mstari wangu.